Kabla Hujanunua Boksi Lenye Picha ya Jani: Ushauri kwa Walenga Sahani

Chukua kalamu upige hesabu. Katriji ya kawaida ya kulengea sahani za udongo katika viwanja vya Uingereza hubeba gramu 28 za marisau. Mlengaji mmoja akifyatua mara 100 katika shindano la siku moja, amemwaga kilo 2.8 za metali shambani. Wakikutana walengaji 40, ni kilo 112, tena kwa siku moja tu. Viwanja vingi vimetumika miongo kadhaa mahali palepale, mashine zikirusha sahani kuelekea upande uleule, na kwa sehemu kubwa ya muda huo metali iliyomwagika imekuwa risasi. Pale ambapo hakuna aliyeikusanya, bado imo ardhini.

Msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa madhara ya risasi. Huko Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu katika udongo na katika damu ya watoto wao. Kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, baada ya mapambano marefu ya Phyllis Omido na majirani zake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Marisau yaliyolala kwenye nyasi si moshi wa kiwanda, lakini metali ni ileile, na haiozi hata ikae karne.

Njia zake za kufika kwenye uhai zinajulikana vizuri. Bata huokota changarawe ndogo za kumsaidia kusaga chakula, na punje ya marisau inafanana na changarawe. Firigisi inaisaga, asidi ya tumboni inaiyeyusha, ndege anadhoofika hadi anakufa. Ng'ombe nao wamewahi kulishwa saileji iliyovunwa kwenye shamba linaloangukiwa na marisau. Uchachu wa saileji huyeyusha risasi, na mnyama akaipata sumu ikiwa imeshaandaliwa kabisa. Udongo wenye asidi hufanya kazi hiyohiyo polepole, ukiipeleka risasi kwenye mizizi na kwenye maji. Na bata hawana mpaka. Wale wanaozaliana Ulaya na kukimbia baridi ni pamoja na wanaotua Naivasha na Nakuru. Ndiyo maana mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wa Afrika na Ulaya na Asia, uliotiwa saini mwaka 1995, unazitaka nchi wanachama ziondoe marisau ya risasi katika ardhi oevu.

Kwa hiyo ukiingia dukani kutafuta katriji rafiki wa mazingira, cha kwanza kukiangalia ni marisau. Nasisitiza hivyo kwa sababu maboksi mengi yanayochorwa jani la kijani yanazungumzia kitu kingine. Katriji ni vitu kadhaa vilivyofungwa pamoja: ganda la plastiki au karatasi, kitako cha chuma, fataki inayowasha, baruti, kizibo kinachotenganisha baruti na marisau, kisha marisau yenyewe. Neno "inaoza" likiandikwa juu ya boksi, muulize muuzaji ni kipi hasa kinachooza. Mara nyingi utajibiwa ni kizibo peke yake, na ndani ya kizibo hicho mna gramu 28 za risasi. Usidanganyike pia na marisau yaliyopakwa nikeli au shaba. Utando huo humsaidia mlengaji kupata mtawanyiko mzuri. Chini yake ni risasi ileile.

Sheria nazo zinakaza. Udenmark ilipiga marufuku marisau ya risasi mwaka 1996, na Uholanzi ikayaondoa hata kwenye viwanja vya sahani mwaka 2004. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 15 Februari 2023, huruhusiwi kufyatua marisau yenye risasi ndani ya ardhi oevu wala katika mita 100 kuizunguka. Wewe uliye Ubelgiji au Ufaransa, kiwanja chenu kikiwa kando ya bwawa, jambo hili linakuhusu sasa hivi. Serikali ya Uingereza nayo ilitangaza Julai 2025 kwamba marisau yenye zaidi ya asilimia 1 ya risasi yataondolewa sokoni na viwanjani, baada ya kipindi cha mpito cha miaka 3 kinachoishia 2029. Wanamichezo wa ngazi ya juu wamefikiriwa kwa utaratibu wa pekee, lakini mlengaji wa Jumapili hana msamaha. Kujaza stoo katriji za risasi leo kwa sababu zimeshuka bei ni kutupa pesa.

Sasa, badala ya risasi utumie nini? Kwa sahani, jibu langu ni chuma, na sioni haja ya kuzunguka. Sokoni huitwa chuma cha pua, ingawa kwa kweli ni chuma laini kilichopashwa moto ili kisiwe kigumu kupita kiasi. Bei yake imekaribia ya risasi, kinapatikana kwa wingi, na kikianguka shambani hupata kutu na kurudi kuwa sehemu ya udongo bila kumtilia mtu sumu. Watengenezaji wakubwa wa Uingereza kama Eley Hawk, Gamebore na Hull wote wana katriji za chuma zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya sahani.

Bismathi ni metali nzuri pia, nzito kuliko chuma na laini kama risasi, hivyo inafaa bunduki za kale. Tatizo ni bei, ambayo ni mara kadhaa ya bei ya chuma. Ukiwa na bunduki ya babu unayoitoa mara chache kwa mwaka, nunua boksi moja la bismathi ufurahie. Kwa mazoezi ya kila wiki haibebeki. Wolframu ndiyo siishauri kabisa kwa mchezo huu. Ni nzito kupita risasi na inafika mbali, lakini kuna jambo ambalo msomaji wa Maziwa Makuu atalielewa kuliko wengine. Madini haya huchimbwa Rwanda, hasa Nyakabingo katika wilaya ya Rulindo, na huchimbwa pia mashariki mwa Kongo. Ni miongoni mwa madini manne, pamoja na bati, tantali na dhahabu, ambayo tangu 1 Januari 2021 Umoja wa Ulaya unawadai waagizaji wake wachunguze yametoka wapi na nani amefaidika nayo, kwa kuwa yamewahi kugharimia vita. Kuchimbua mlima kwa ajili ya kuvunja sahani iliyo umbali wa mita 30, ilhali chuma kinatosha, naona ni ubadhirifu.

Wengi wanakiogopa chuma kwa kuwa ni chepesi, na kweli ni chepesi. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina uzito wa gramu 11.3, na ya chuma ni gramu 7.8 hivi. Punje mbili zikiwa na ukubwa sawa, ya chuma ina uzito wa takriban asilimia 70 ya ile ya risasi, kwa hiyo hupoteza kasi mapema. Dawa yake ni kuongeza ukubwa wa punje. Aliyezoea namba 8 ya risasi achukue namba 7 ya chuma. Lakini usitegemee namba, kwa kuwa namba za Uingereza na za Marekani hazilingani. Soma milimita zilizoandikwa ubavuni mwa boksi. Punje za milimita 2.4 au 2.5 zinafaa sahani nyingi. Shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha haliruhusu zaidi ya milimita 2.6, kwa hiyo kabla ya shindano soma kanuni za kwenu.

Wepesi huo una faida ambayo watu hawaitazami. Kwa kuwa kila punje ni nyepesi, gramu zilezile zina punje nyingi zaidi. Katriji ya gramu 24 za chuma ina punje karibu sawa na gramu 34 za risasi za ukubwa uleule. Kwa hiyo hata baada ya kuongeza ukubwa wa punje, gramu 24 zinatosha kabisa kuvunja sahani za kawaida, na ndicho kipimo cha Olimpiki hata sasa. Bega linapumzika, pochi linapumzika, na metali inayoanguka shambani inapungua. Wanaoanza, hasa vijana na watu wenye miili myepesi, waanze na gramu 21 wakiweza kuzipata. Kupunguza uzito wa marisau ni hatua ya kimazingira ambayo haigharimu kitu, na sijui kwa nini haisemwi mara nyingi zaidi.

Chuma hakibonyei kikipita mtutuni. Punje za risasi hubonyezwa na baruti, nyingine zikatoka bapa na kupotelea pembeni. Za chuma hubaki mviringo na kwenda kwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba mtawanyiko wa chuma ni wa kubana kuliko ulivyozoea. Choki, yaani mbano ulio mdomoni mwa mtutu, ilegezwe hatua moja. Robo choki ukitumia chuma inakaribia nusu choki ukitumia risasi. Nusu choki iwe mwisho wako. Choki kamili na chuma visikutane. Kwa sahani za karibu, mtutu usio na mbano kabisa unatosha. Sahani ikiwa mbali zaidi ya mita 40, utaona tofauti na risasi, na hapo inabidi ukubali kwamba baadhi ya sahani ulizokuwa ukizivunja zitakupita.

Kabla ya yote hayo, hakikisha bunduki yenyewe inaruhusu. Shotigani nyingi za kisasa zilizopimwa kwa baruti isiyo na moshi hutumia katriji za chuma za kiwango cha kawaida bila taabu, na katriji za sahani ni za kiwango hicho. Zile za nguvu kubwa, ambazo ni za kuwindia, zinahitaji mtutu wenye alama ya ua la yungiyungi iliyogongwa na kituo cha upimaji. Bunduki ya kale yenye mitutu myembamba, yenye chemba fupi ya milimita 65, au iliyofumwa kwa mtindo wa Damascus, ipelekwe kwanza kwa fundi wa bunduki. Uingereza ina vituo viwili vya upimaji, London na Birmingham, na fundi anayejua kazi yake atakusomea alama zao kwa dakika chache. Usimwulize rafiki kiwanjani. Mwulize anayeweza kupima mtutu kwa kifaa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kizibo, na hapa ndipo penye mtego. Mashamba mengi yamepiga marufuku vizibo vya plastiki kwa sababu vinatapakaa kwenye majani na mifugo huvila. Wakulima walidai vizibo vya nyuzi, na kwa risasi vilifanya kazi vizuri. Chuma hakitaki hivyo. Punje zake ngumu zikigusana moja kwa moja na ukuta wa mtutu zinaweza kuukwaruza, kwa hiyo zinahitaji kikombe cha kuzifunika zinapopita. Kwa miaka mingi kikombe hicho kilikuwa cha plastiki tu. Mlengaji akajikuta ameondoa sumu, akaleta takataka. Februari 2020, mashirika tisa ya uwindaji na mambo ya vijijini ya Uingereza yalipotangaza kuachana na risasi kwa uwindaji wa wanyama hai katika miaka mitano, yalitaja pia plastiki ya matumizi ya mara moja. Yalijua kwamba matatizo haya mawili yanakwenda sambamba.

Leo kuna vikombe visivyo vya plastiki ya kawaida, lakini havifanani. Vipo vinavyoyeyuka kwenye maji, vipo vinavyoliwa na vijidudu vya udongo, vipo vya karatasi nzito, na bado vinatajwa vile vinavyovunjikavunjika kwa jua. Hivi vya mwisho viepuke. Plastiki iliyotiwa kemikali ili jua na hewa viimeng'enye haitoweki. Inageuka vumbi la plastiki ambalo huwezi tena kuliokota. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bidhaa za plastiki ya namna hiyo tangu Julai 2021.

Kinachoyeyuka kwenye maji ni bora zaidi, ila kifikirie pamoja na hali ya hewa ya mahali unapofyatulia. Katika mashamba ya Uingereza yenye mvua na umande, hulainika haraka. Ndugu zetu walioko Omani na Ghuba, ambao viwanja vyao ni changarawe kavu, watavikuta vizibo vimelala palepale hadi mvua ya nadra ije. Huko ni heri ya karatasi, au kuokota. Kinyume chake ni pwani yetu yenye unyevunyevu, ambako shida iko stoo. Boksi lililofunguliwa likiachwa kwenye joto na unyevu, kizibo huanza kulainika kabla ya kufyatuliwa, na punje za chuma nazo zinaweza kupata kutu na kugandana. Funga katriji kwenye chombo kisichopitisha hewa, na usinunue za kukaa miaka.

Kuhusu vinavyooza, omba jina la kipimo. Mtengenezaji akitaja EN 13432, hicho ni kipimo cha vifungashio vinavyooza katika mitambo ya mboji yenye joto kubwa, na shamba lako si mtambo. Akitaja EN 17033, hicho kilitungwa kwa ajili ya nailoni za kufunikia mashamba, na kinataka asilimia 90 ya kitu iwe imeoza ndani ya udongo wa kawaida katika miaka 2. Cha pili kinakaribia zaidi hali halisi ya kizibo kilichoanguka kwenye majani. Asiyeweza kutaja kipimo chochote, chukulia kwamba anauza plastiki.

Ganda halinisumbui sana, kwa sababu linabaki mkononi mwako. La karatasi lina faida kidogo likipotea porini, ingawa kitako chake bado ni chuma. La plastiki likikusanywa lote na kupelekwa kwa wanaotenganisha plastiki na kitako, linatumika tena. Uliza kiwanja chenu mapipa ya maganda yanakwenda wapi. Kama yanaishia jalalani, lisemeni kwenye mkutano wa klabu. Fataki nyingi bado zina kiasi kidogo cha risasi, na zisizo nayo zimeanza kupatikana. Hadi ziwe za kawaida, nawa mikono kabla ya kula, na usimwache mtoto achezee maganda yaliyotumika.

Na sahani yenyewe? Ina uzito wa takriban gramu 105, imetengenezwa kwa unga wa chokaa uliogandishwa kwa lami. Lami ya makaa ya mawe ina kemikali zenye sumu, na nguruwe waliokula vipande vya sahani wamekufa. Zipo sahani zinazogandishwa kwa vitu visivyo na lami hiyo. Katriji safi inayovunja sahani chafu ni kazi nusu, kwa hiyo meneja wa kiwanja aulizwe swali hili pia.

Ukishachagua aina mbili au tatu, zijaribu. Nunua boksi mojamoja, funga karatasi kubwa kwenye fremu ya mbao, simama mita 30, fyatua, uone punje zimetawanyika vipi. Tumia karatasi au kadibodi, kamwe usitumie bamba la chuma ambalo viwanja vingi vinalo kwa kazi hii. Marisau ya chuma yakipiga chuma au jiwe hurudi kwa nguvu. Kwa sababu hiyohiyo miwani ya kukinga macho ni ya lazima kwako na kwa wote waliosimama karibu, na mashine za kurusha sahani zikingwe kwa mbao au mpira upande unaoelekea walengaji. Mwenye msitu wa mbao nyuma ya kiwanja aulizwe mapema, maana punje ya chuma ndani ya gogo huharibu misumeno.

Wanaomiliki viwanja wana kazi ya ziada, kwa kuwa kuhamia chuma leo hakuondoi risasi ya jana. Pimeni asidi ya udongo. Ikiwa juu, wekeni chokaa ili risasi isiyeyuke na kuhama. Msilishe mifugo wala msivune majani ya saileji katika eneo linaloangukiwa na marisau. Yapo makampuni yanayochekecha udongo na kuikusanya risasi, na thamani ya metali hiyo husaidia kulipia sehemu ya gharama. Ni vema kazi hiyo ifanywe kabla chuma hakijawa kingi juu yake, ingawa sumaku huweza kuvitenganisha.

Swali la mwisho ninaloulizwa mara kwa mara ni la katriji za risasi zilizobaki kabatini. Zitumie kwenye kiwanja kinachoziruhusu, hasa kile chenye utaratibu wa kukusanya marisau, na fanya hivyo kabla muda haujaisha. Zilizochakaa, zenye kutu au zilizolowa, mpelekee muuza silaha aliyesajiliwa au wasiliana na polisi wa eneo lako wakuelekeze. Usizitupe kwenye pipa la taka la nyumbani, usizifukie, wala usizipasue umwage marisau ili ubaki na ganda.